Marehemu Aliyepanda Basi Mpaka Beira

Goma, Majengo, 21 Septemba 2025

Kwa mutoto wangu Joviale, huko Beira,

Mimi mujomba yako Fortunat Zihindula, fundi wa mawe, nakusalimu kwa mikono yote miwili. Pembeni yangu Mama Joyeuse, bibi yangu wa ndoa, anakusalimu pia, ijapokuwa ananikataza nisiandike hivyo. Tuko wazima. Yeye goti linamusumbua, lakini mudomo haujaugua hata siku moja. Uwanja wa ndege ungali umefungwa, banki nazo, ila watu wanajenga tu, na wakijenga wananiita, juu jiwe la volcano linajua mukono wa bwana wake. Juzi nimeinua jiwe moja lililoshinda vijana wane. Mama Joyeuse anasema walikuwa wawili na mumoja alikuwa anatoka malaria, lakini yeye hakuwepo.

Barua hii inabebwa na Mama Élodie, yule mufanyabiashara anayefuata nguo mpaka kwenu. Ninaandika juu namba yako ya simu inaniambia haipo.

Nimefika nyumbani kutoka Beira bila kuumwa hata kichwa. Sasa nikuelezee muji wenu, maana mutu anayeishi mu muji hauoni, anaona tu njia ya kwenda kazi.

Nilisafiri peke yangu, unajua. Kigali, Tanzania, Malawi, Tete, basi juu ya basi. Mu Malawi dereva alipotea, akageuka akatazama sura za abiria, akanichagua mimi nimuonyeshe njia. Nikamuonyesha. Tulichelewa kidogo, lakini tulifika.

Beira ni muji ambao Mureno alijenga akitaka aonekane kutoka mbali. Hakuna kilima hata kimoja. Jicho linakwenda, linakwenda, linakosa mahali pa kuegemea. Kuna mnara wa taa pembeni ya bahari, una mistari nyekundu na nyeupe sawa soksi za mucheza mpira, na chini yake meli ya chuma imelala mu mchanga, imeoza mbavu zote. Mulinzi aliniambia ilikwama zamani sana. Nikamwambia kama ningekuwepo isingekwama. Akanitazama muda murefu, nafikiri aliniamini.

Mbele ya ofisi ya muji wamepanga vijiwe vyeupe na vyeusi, vidogo sawa meno, wakachora navyo mawimbi chini. Nilipiga magoti nikavigusa. Kazi nzuri, siwezi kukataa, ingawa jiwe lenyewe ni laini, jiwe la watoto. Mureno angekuja Goma angelia. Nyumba zake zilikuwa za rangi, pinki, manjano, bluu ya mbinguni, na chumvi ya bahari imezitafuna mpaka unaona matofali ndani. Kuna ile hoteli kubwa ambamo matajiri walikuwa wanakuja kuogelea. Leo familia na familia zinaishi ndani, nguo zimeanikwa mu madirisha yasiyo na vioo, na wamama wanafulia mu lile bwawa la kuogelea. Nilisimama pale kwa muda. Wenye nyumba walikwenda, wakaacha wengine wakae mu viti vyao, na muji unaendelea kuuza mikate.

Kireno nilikijua asubuhi moja. Ni Kifaransa chenye mafua. Nilikula kamba wa bahari wakubwa sawa viatu vya mutoto, peke yangu kwenye meza ya watu wane, na muhudumu alifikiri mimi ni mutu wa serikali, juu ya costume, ile suti yangu mupya.

Utaniuliza kama nilipanda mabasi yote yale kuja kutazama minara. Hapana. Nilikuja kukaa kwako mwezi muzima. Ulikuwa umeniambia mu simu, mwezi wa sita, kabla namba yako haijapotea, kwamba wakwe zako wamekubali dot, ile sherehe ya mahari, ingoje mpaka mujomba afike. Nikamwendea Ntirenganya, fundi wa cherehani wa Birere, akanishonea costume nyeusi ya kusimamia dot ya mutoto wangu. Sikutuma habari. Mujomba habishi hodi kwa barua. Adresi alinipa Mama Élodie.

Mama mukwe wako ndiye alifungua mulango. Alitazama costume, akatazama mapande ya fromage, jibini ya Masisi, niliyobeba, akaniuliza kwa Kiswahili kile cha Uvira natoka wapi. Nikasema Goma, Majengo. Nilikuwa ninavuta pumzi ili niseme jina langu lote, na la babu yangu pia, lakini akaniwahi. Aliweka mikono kichwani, akasema, "Papa, umekuja na nguo ya kilio. Wewe ni mutu wa marehemu Fortunat."

Joviale, mimi maneno hayajaniisha tangu siku ya ubatizo wangu. Siku ile yaliisha. Nilisema ndiyo, ni jirani yake. Akauliza jina, nikasema Havugimana, yule muuza makaa wa pembeni yetu, juu ndilo jina lilikuja.

Akanikalisha mu salon ya wageni, akanipa maji, akanielezea vile nilikufa. Kumbe ilikuwa Januari, mu zile siku za vita na masasi, nilikuwa nimeshuka ziwani kuchota maji. Mukanililia. Muliua mbuzi, alinionyesha urefu wake kwa mukono, ilikuwa mbuzi ya heshima, nashukuru. Kisha akaleta simu yake, akanionyesha video ya dot, ile ambayo mimi nilidhani ningali naiendea. Mu kiti cha mujomba alikuwa amekaa mwanaume wa costume ya rangi ya majivu.

Ndipo uliingia na sinia. Uliniona. Glasi hazikugongana hata kidogo. Ukasema, "Karibu, papa." Nami nikasema, "Asante, mama." Bwana yako Aubin alirudi kutoka bandarini, tukala kuku, akanikatia paja kwa mukono wake mwenyewe. Kisha nikasema basi yangu inaondoka. Haikuwa inaondoka. Nilingoja basi ya kweli mu nyumba moja ya wageni karibu na gare ya mabasi, ndiyo maana najua muji wenu vizuri hivi.

Ulinisindikiza mpaka kwenye njia, mama mukwe pembeni yako, ukaniambia niwasalimie watu wa Majengo. Nimewasalimia wote.

Nabaki mujomba yako,
Fortunat Zihindula


Beira, 9 Novemba 2025

Mujomba wangu mupendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wewe na Mama Joyeuse mungali na afya, na goti lake limepata dawa. Amuombe Mama Élodie yale mafuta ya kuchua, anauza ya kweli. Sisi hapa tunaendelea. Baba mukwe tulimuzika mwezi wa saba, nyumba ilikuwa imenyamaza, sasa imeanza kusema tena kidogo. Mvua zimeingia na njia yetu ni mutaro. Asubuhi Aubin anatoka na viatu mukononi. Bandarini wamemupa mashine kubwa ya kushusha mizigo kwenye meli, anaikalia juu sawa ndege kwenye muti.

Nina habari nyingine. Nina mimba. Mama mukwe anasema ni mwanaume, juu siwezi kuvumilia harufu ya samaki, na hapa samaki ni kila mahali.

Barua yako niliisoma nikiwa nimejifungia, kisha nikaitia mu jiko. Jibini tulikula na mukate, ilikuwa nzuri. Mama mukwe anamuulizia sana Papa Havugimana. Anasema siku hizi ni vigumu kupata mutu mupole namna ile, anayesikiliza na asiyejisifu. Aubin naye amesema kama marehemu alikuwa na majirani wa heshima hivyo, basi yeye mwenyewe alikuwa mutu mukubwa.

Nakuomba usimupe Mama Élodie namba yako ya simu aniletee. Simu yangu inakaa mezani, kila mutu wa nyumba anaipokea.

Yale mengine, Mujomba, yaache yapoe kwanza. Usiniulize. Costume ilikukaa vizuri.

Mutoto wako,
Joviale


Goma, 14 Desemba 2025

Joviale,

Mama Joyeuse amepaka yale mafuta, sasa anatembea vizuri na analalamika juu ya goti la pili. Noeli inakaribia na viazi vya Masisi vinafika vichache, lakini hatulali njaa, fundi halali njaa. Habari ya mimba imenifurahisha. Imenifurahisha kweli. Nilizunguka quartier nzima, mutaa wote, nikiitangaza, na watu wananiuliza dot ilikuwa lini, mbona hawakuniona nikirudi na shangwe. Ninawaambia ilikuwa kubwa sana, hata siwezi kuielezea. Ni mara ya kwanza mu Majengo Fortunat anasema hawezi kuelezea kitu. Wamenitazama vibaya.

Mupole, mimi. Asiyejisifu. Mwambie mama mukwe wako asante.

Sasa nisikilize. Tangu nirudi ninaiona ile video hata nikifumba macho. Yule wa costume ya majivu nimemuulizia kwa Mama Élodie: ni Buhendwa, mutu wa Bukavu, ana duka la dawa huko kwenu. Sina neno na sura yake. Lakini alisimama mbele ya wakwe zako akasema kwamba mwaka wa 2002 volcano ilishuka mpaka mulangoni kwake, akamubeba mutoto Joviale mabegani, akauambia ule moto simama hapo, nina mutoto, na moto ukasimama. Watu wakapiga makofi. Joviale, mwaka ule Buhendwa alikuwa Bukavu anauza sabuni. Alisema lava ilikuwa nyekundu sawa tomate. Lava ukiwa karibu yake ni nyeusi. Wekundu uko ndani, unachungulia. Na alisema mabega bila kusema vile ulinikaba shingo na miguu mpaka Gisenyi, nikawa ninapumua kwa zamu. Umechukua maneno yangu, ukamupa mutu ambaye hajui hata kuyavaa.

Hilo ningelimeza. Lingine halishuki. Kwetu, siku ya dot, vinywaji vinawekwa katikati na hakuna anayegusa. Mujomba wa musichana anasimama, anashika glasi ya kwanza, anamuuliza mutoto wake mbele ya wote, "Tunywe, ao tuache?" Akisema munywe, mujomba anakunywa, na ndipo amekuwa bibi ya mutu. Mwingine hawezi kuuliza kama mujomba angali anapumua. Akiuliza, ile si dot, ni pombe tu watu wamekunywa mchana. Wewe unajua hivyo tangu utoto. Ndiyo maana ulinitoa pumzi.

Mama yako Bibiche, dada yangu, alikuacha mikononi mwangu hujui hata kufunga kiatu. Nimejenga nyumba za watu miaka yote hii nikiwa juu ya ngazi ninaifikiria ile glasi, nitaishika na mukono gani, nitasimama wapi. Sikumuambia mutu, hata Mama Joyeuse.

Niandikie kwa mukono wako juu ya nini ulifanya hivyo. Sitaki maneno ya mvua.

Fortunat, mujomba yako


Beira, 22 Februari 2026

Mujomba,

Nawasalimu wewe na Mama Joyeuse. Tumbo limekuwa kubwa, natembea sawa bata, na mama mukwe amenikataza kuinua ndoo. Aubin amechora mahali pa kitanda cha mutoto kwa chaki chini, tunapita pembeni kama vile kitanda kimeshafika. Tuko wazima.

Uliuliza. Nitajibu mara moja tu.

Unaikumbuka familia ya Prodige, muchumba wangu wa kwanza. Walitoka Kiwanja na pikipiki tatu na kreti za pombe zimefungwa kwa kamba za mpira. Nilikuwa nimesimama mu kitenge kipya nikingoja uniulize. Ulishika glasi. Ukaanza. Ulisema kuna kolonel amenitaka na umemukatalia. Ulisema babu alikuwa na ng'ombe ambao wakinywa maji muto unakauka. Ulisema mikono ya watu wa Kiwanja imezoea vitunguu, haijui kushika mwanamuke. Uliongea mpaka chakula kikapoa na wageni wakaanza kutazamana, na mimi hukuniuliza. Muzee wao alisimama. Wakafunga tena kreti kwenye pikipiki, wakaenda. Wewe ulisema, "Hawana ucheshi." Prodige nilimungoja, hakurudi. Hujawahi kusema neno na mimi juu ya siku ile, isipokuwa kuisimulia kwa watu, na watu wanacheka.

Januari ya mwaka jana, mu vita, nilikosa sauti yako wiki na wiki. Mutu wa quartier alituma habari kwamba ulionekana unashuka ziwani na kidumu, hukurudi. Nilikulilia, Mujomba. Ile matanga haikuwa ya uongo. Halafu siku moja simu ikalia, nikiwa peke yangu nyumbani, na ilikuwa wewe. Nilikaa chini kwenye sakafu kwa furaha. Wewe ukaanza kunielezea vile masasi yalikuwa yanakukwepa. Ukasema utakuja Beira, utawaelezea wakwe zangu mambo watakayosimulia mpaka wajukuu. Nilikusikiliza mpaka mwisho. Baba mukwe alikuwa kitandani, aliomba aone dot kabla hajafa. Nilipozima simu, nilisafisha macho, na sikumuambia mutu kama umepiga.

Mwezi wa sita uliponiuliza nilikuambia wanakungoja. Tulikuwa tumekwisha kunywa.

Buhendwa nilimupa maneno yako juu watu waliuliza nimelelewa na nani, na sikuwa na jibu lingine la kuwapa.

Sasa kuna jambo, na hakuna mwingine wa kuliomba ila wewe. Aubin anataka mutoto aitwe Fortunat. Katika familia yao, mutoto hapewi jina la marehemu mpaka mutu wa nyumba ameliona kaburi kwa macho yake. Baada ya Pasaka atakuja Goma. Nimejaribu kumuzuia, nimeshindwa, amekwisha kuomba ruhusa kazini. Mupokee kama Papa Havugimana. Usimufikishe Majengo. Mupeleke mpaka kwenye kaburi la mama yangu, umuonyeshe mahali pale pembeni, mwambie ni hapo. Nikisema kweli leo, dot imeanguka, na mama mukwe atanirudisha Goma na tumbo hili, bila bwana.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba siku moja.

Joviale


Goma, 19 Aprili 2026

Joviale,

Mama Joyeuse hayupo kukusalimia. Amekwenda kwa dada yake, huko Vitshumbi, kula samaki na kukasirika. Utaelewa ukisoma mpaka chini. Mvua ya Aprili inanyesha vizuri, magoti yake yote mawili yalikuwa yamepona alipoondoka, alitembea haraka sana.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi ikalainika. Juu ya watu wa Kiwanja sina la kuongeza. Hawakuwa na ucheshi.

Uliniambia nimuonyeshe Aubin mahali pembeni ya Bibiche. Nilikwenda kupatazama. Majani na chupa za plastiki. Mutu atoke Beira, avuke nchi zote zile kuja kumuona Fortunat Zihindula, halafu aonyeshwe chupa? Nilipeleka mawe, nikajenga. Nimekata kila jiwe mwenyewe, meusi, mazito, yamekaliana bila kuonyesha saruji, na kichwani nimesimamisha musalaba ambao tetemeko halitauinamisha. Watu waliokuja kuzika wa kwao pale karibu waliacha kulia kwanza, wakaja kushika. Mumoja akaniuliza ni kaburi la waziri gani. Saruji ikiwa mbichi nikaandika jina langu, na herufi zilitoka sawasawa, hata yule sista aliyenifukuza darasa la sita angekubali.

Mama Joyeuse alikuwa amenifuata nyuma bila mimi kujua. Alisoma. Akasoma tena. Akasema, "Mimi sitaitwa mujane wakati mutu mwenyewe angali anamaliza fufu yangu." Nilimuelezea yote, ya dot, ya Buhendwa, ya mbuzi. Aliuliza kama nilikula ile kuku ya Beira. Nikasema nilikula. Akasema basi nimekubali kufa, niendelee. Asubuhi alifunga kitambaa, akaenda.

Aubin nilimupokea kwenye barrière ya mpaka. Nilivaa kofia mpaka kwenye nyusi, na kwa bahati hakuna aliyeniita jina njiani, isipokuwa mwenye pikipiki mumoja, nikamwambia Aubin yule anamuita mutu mwingine. Kijana alinikumbatia mbele ya askari wote wa mpaka. Alikuwa amebeba maua ya plastiki na kifuko cha mchanga wa bahari. Akaniambia wewe unasumbuliwa na mugongo, na mutoto anapiga teke akisikia redio.

Kule makaburini alivua viatu. Sikumuambia avue. Alipiga magoti, akapangusa vumbi kwa shati lake, akapitisha kidole kwenye maungio ya mawe, moja moja. Alisema aliyeyapanga haya alimupenda huyu mutu. Nikakohoa. Akaweka mchanga chini ya musalaba na akaomba kwa sauti ndogo, mimi nimesimama nyuma, nimeshika kofia, ninasikiliza ninavyoombewa.

Kisha tukakaa kwenye ukingo wa kaburi la mama yako, na akaniomba nimuelezee Fortunat. Joviale, mu maisha yangu hakuna mutu amewahi kuniomba. Mimi ndiye ninawashika watu mikono wasiondoke. Nilifungua mudomo na kila kitu kilikuwa pale, kolonel, ng'ombe, volcano, masasi. Nikamwambia marehemu alikuwa fundi wa mawe. Nikasema alilea mutoto wa dada yake. Nikasema mwaka wa volcano nyumba yake iliungua mpaka chini, naye alikimbia na yule mutoto mabegani, sawa watu wote walivyokimbia. Nikasema alikuwa anaongea sana. Halafu nikaona nimemaliza.

Aubin akasema Buhendwa aliuliza vizuri na watu walikunywa vizuri, lakini yeye moyo wake haujakaa mahali pamoja tangu siku ile, juu glasi ya kwanza ilikuwa ya mutu mwingine. Baba yake alikufa akiwa na furaha, yeye bado. Akasema hakuja kwa ajili ya jina tu. Akanigeukia, macho yake haya hapa, akaniuliza, "Papa Havugimana, wewe ulimujua. Angekuwepo, Joviale akamujibu munywe, je, angekunywa?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningelitoa hata kwa Mureno, hata kwa mulinzi wa mnara. Kijana anayevua viatu bila kuambiwa. Mujomba gani angeiweka ile glasi chini?

Nikamwambia, "Hilo sijui, mutoto wangu. Mimi nilikuwa jirani tu."

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mimi ninatazama kisogo chake. Baadaye akapiga picha ya kaburi, akavaa viatu, nikamurudisha barrière. Alinishukuru kwa wakati wangu.

Mutoto akizaliwa mumupe jina, sikatazi. Siri yako ni nzima, hata Havugimana mwenyewe hajui kama amekwisha kutembea Beira. Siku uliyoniomba nimekupa. Lakini lile neno Aubin alilofuata huku lilikuwa la Fortunat kulisema, na Fortunat ulimuzika wewe. Nililishika mudomoni mpaka nikamuona amevuka mpaka na mugongo wake umepotea kati ya watu. Nimerudi nalo nyumbani. Nyumba iko kimya, na liko hapa na mimi.

Fortunat Zihindula